Utafiti wa Fiziotherapia Uanzie Mkekani

Mtu anayesali sala tano za faradhi kwa siku husujudu mara 34. Rakaa ni 17, na kila rakaa ina sijda mbili. Kila anaposhuka, goti hukunjwa, vidole vya miguu hupinda, viganja hupokea uzito wa kifua. Akikaa kitako baina ya sijda, kisigino hukutana na kalio. Kisha mwili mzima huinuka tena kutoka chini. Mtaalamu wa viungo akiyatazama hayo huona kazi kubwa ya misuli na maungo ambayo hakuna daktari aliyemwandikia mtu, na ambayo mwanamke wa miaka 60 wa Majengo au Kibokoni ameifanya tangu utotoni bila kuihesabu. Goti lake linapoanza kuvimba na kuuma, kinachomtia majonzi mwanzo ni kwamba sasa anasali juu ya kiti. Dini imempa ruhusa hiyo, naye anaijua vizuri. Lakini ukimsikiliza kwa utulivu atakwambia anachotaka ni kurudi chini.

Nimeanza na sijda kwa sababu nataka kuzungumza juu ya utafiti wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, ule unaofanywa na wanafunzi na wahadhiri wao vyuoni, na sioni mlango ulio bora zaidi wa kuingilia. Kazi yangu ni fiziotherapia, hapa hapa Mombasa. Wanafunzi huletwa kwetu kliniki kujifunza kwa vitendo, na baadhi yao hurudi baadaye na barua mkononi wakitafuta wagonjwa wa kushiriki utafiti wao. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisaidiana na walimu wao kusimamia kazi hizo. Nazipenda sana, na ndiyo maana nataka zibadilike.

Kwa asiyejua, mambo huenda hivi. Anayesomea shahada hukaa chuoni miaka minne, na mwaka wa mwisho sharti afanye utafiti wake mwenyewe. Huandika pendekezo, hupewa msimamizi, hupeleka karatasi mbele ya kamati ya maadili, huomba kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha hospitali nayo humtaka abishe hodi kwa utaratibu wake. Yote yakikamilika, muhula huwa umebaki kiduchu. Ana wiki chache za kukusanya data, kwa wagonjwa watakaotokea kliniki siku ambazo yeye hana vipindi. Kwa muda kama huo, ni nani atakayeanza kubuni kipimo kipya? Hushika kilicho tayari.

Kwa maumivu ya goti, kilicho tayari mara nyingi ni dodoso la WOMAC. Lilitengenezwa Kanada katika miaka ya 1980, na jina lake limetokana na vyuo viwili vya huko, Western Ontario na McMaster. Lina maswali 24: matano ya maumivu, mawili ya ukakamavu wa kiungo, na 17 ya shughuli za kila siku. Kila swali hujibiwa kuanzia sifuri, yaani hakuna tatizo, hadi nne, yaani tatizo kubwa kupita kiasi. Ni dodoso lililopimwa na kupimwa tena, na limetumika katika tafiti nyingi mno duniani. Silibezi hata kidogo.

Lakini nilikuwapo mwanafunzi mmoja alipoketi na mgonjwa wangu na dodoso hilo alilolifasiri kwa uangalifu mkubwa.

"Nyanya, ukivaa soksi unapata ugumu kiasi gani?"

"Soksi sivai, mwanangu."

"Na ukiingia kwenye hodhi la kuogea?"

"Naoga kwa ndoo na kopo."

"Kupanda na kushuka gari je?"

"Napanda tuktuk. Dereva ni kijana wa mtaani kwetu, hunishika mkono."

Yule binti aliandika sifuri, na sifuri, na kisha moja. Alikuwa mpole na mwenye adabu, alimaliza maswali yote 24 na kumshukuru mgonjwa. Ndipo yule mama akamuuliza, bila ukali wowote: "Na kusali mbona hukuniuliza?"

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Kwa hesabu ya karatasi ile, goti la mama huyu halikuwa na shida kubwa. Angepata alama za mtu anayekaribia kupona, ilhali mambo matatu yanayoujaza mchana wake yote yamemshinda: kusali chini, kukaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, na kuchuchumaa msalani. Kuketi kitini kunataka goti likunjike nyuzi 90 hivi. Ngazi zinataka pungufu kidogo au zaidi kidogo, kutegemea urefu wa ngazi. Kukaa juu ya visigino au kuchuchumaa kabisa kunafika nyuzi 150 hivi. Hata mtu aliyebadilishiwa goti kwa upasuaji, na upasuaji ukaenda vizuri, kwa kawaida hubaki kwenye nyuzi 110 au 120. Kwa anayeishi juu ya viti, hizo zinatosha kabisa. Mama wa Majengo anabaki na nyuzi 30 anazozitamani kila adhana inapolia, na hakuna aliyeziandika popote.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba tiba fulani ya goti imethibitishwa, siku hizi nauliza imethibitishwa kwa kazi gani ya goti. Huko India watafiti waliliona tatizo hili mapema, wakalirekebisha dodoso hilo hilo ili limfae mtu anayeketi chini na kuchuchumaa. Sisi pwani tuna sababu zote za kufanya vivyo hivyo, na kazi hiyo ni saizi ya wanafunzi wa chuo na mwalimu wao.

Ipo pia njia nyepesi zaidi, na tangu siku ile ndiyo ninayowaelekeza wanafunzi kuanzia. Mwaka 1995 Paul Stratford na wenzake, wa Kanada vilevile, walichapisha kipimo ambacho hakina orodha ya shughuli. Unamwomba mgonjwa akutajie mwenyewe mambo matatu hadi matano yanayomshinda kwa ajili ya maradhi yake, kisha kila jambo analipa alama kuanzia sifuri, hawezi kabisa, hadi kumi, aweza kama zamani. Baada ya wiki za tiba unamrudishia mambo yale yale. Ni karatasi moja na kalamu. Walioulizwa hivyo hapa kwetu wametaja kusali, kupanda ngazi za nyumba za ghorofa za Mji wa Kale zilizosimama wima, kubeba mjukuu, kusimama jikoni mwezi wa Ramadhani kuanzia alasiri hadi magharibi, kusukuma mkokoteni.

Mwalimu mmoja wa chuo, ninayemheshimu sana, alinipinga. Hoja yake ilikuwa hii: mgonjwa mmoja akitaja sijda na mwingine akitaja mkokoteni, utawalinganishaje? Na mwanafunzi akitumia kipimo ambacho matokeo yake hayawezi kuwekwa kando ya tafiti za kwingineko, nani atachapisha kazi yake? Ana haki. Utafiti usiolinganishika hubaki hadithi ya kliniki moja. Tulichokubaliana ni kutumia vyote viwili: dodoso linalojulikana, ili ulimwengu utusome, na orodha ya mgonjwa mwenyewe, ili nasi tujue tumemtibu nini. Husemwa mgonjwa haulizwi uji. Basi katika utafiti aulizwe, tena aulizwe kabla pendekezo halijaandikwa.

Nikitaka kumwonyesha mwanafunzi jinsi mji unavyoweza kumpa swali, humpeleka kwa mawazo hadi Likoni.

Mtu aliyepata kiharusi akaanza kutembea tena hupimwa mwendo wake kwenye ushoroba: mita kumi zilizonyooka, saa ya kuhesabu sekunde, sakafu kavu. Jacquelin Perry na wenzake huko California waliandika mwaka 1995 kwamba anayetembea chini ya mita 0.4 kwa sekunde huwa ni mtu wa kuzunguka ndani ya nyumba. Baina ya 0.4 na 0.8, hutoka nje kwa shida. Akizidi 0.8 anaweza kwenda atakako. Mipaka hiyo inatumika hadi leo, na ni mizuri kwa kazi iliyokusudiwa. Sasa mchukue mgonjwa anayeishi Likoni na kutibiwa kisiwani. Kivuko ndicho njia yake. Geti linapofunguliwa watu huteremka kama mkondo mmoja, wenye mizigo, wenye haraka ya kazi, na nyuma yao magari yanasubiri zamu. Maji yakiwa yamejaa, mteremko wa kuingilia chomboni ni mfupi. Yakikupwa, na hasa siku za bamvua, mteremko ni mrefu na mwisho wake umelowa. Mgonjwa anayetembea mita 0.9 kwa sekunde kwenye ushoroba wetu, ambaye kwa karatasi ni mtu huru, anaweza akakaa mwezi mzima bila kuvuka kwa sababu ya mteremko ule na ule umati. Anapokosa kuvuka hukosa na tiba. Kwenye daftari letu huandikwa kwamba hakuhudhuria.

Mwanafunzi mmoja, mwenyewe mtoto wa Mtongwe, alitaka kuupima mwendo pale pale kivukoni. Nilifurahi, kisha tukakaa chini kuangalia maadili. Huwezi kumchukua mtu ambaye mguu wake mmoja bado unaburura ukamtia katika umati kwenye mteremko uliolowa ili upate namba. Kamati isingekubali, na ingekuwa sahihi kutokubali. Wanafunzi wengi huiona kamati ya maadili kama kizuizi cha mwisho baada ya kazi ya akili kwisha. Kwangu mimi hapo ndipo akili hufanya kazi zaidi. Ilimlazimu kijana yule kujiuliza ni kitu gani hasa cha kivukoni kinachomshinda mgonjwa: ni mwinamo wa ardhi, ni kuogopa kusukumwa, au ni ile haja ya kugeuza kichwa kuangalia nyuma huku miguu inakwenda? Kila kimoja kinaweza kupimwa mahali salama. Mwinamo unaweza kutengenezwa kwa mbao ndani ya uwanja wa hospitali, mgonjwa akavikwa mkanda kiunoni na mtaalamu akawa ubavuni pake. Woga una maswali yake. Kugeuza kichwa kuna majaribio yake ya mizani ya mwili yanayojulikana. Swali moja kubwa lisilofanyika likawa matatu madogo yanayofanyika.

Kuna anayeweza kusema: ya nini yote haya? Tiba za kiharusi zinajulikana, tuwafanyishe watu mazoezi. Jibu langu ni utafiti wa AVERT. Kwa miaka mingi wengi wetu tuliamini kwamba mgonjwa wa kiharusi akiinuliwa kitandani mapema zaidi na mara nyingi zaidi, atapona vizuri zaidi. Ilikuwa na mantiki: kulala sana huleta vidonda, nimonia na damu kuganda miguuni. Julie Bernhardt wa Melbourne aliongoza utafiti uliohusisha wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi tano, nusu yao wakiinuliwa ndani ya saa 24 na kufanyishwa kazi nyingi kuliko ilivyo kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Baada ya miezi mitatu, walioinuliwa mapema na kwa wingi waliopata hali nzuri walikuwa 46 kwa kila 100. Waliotibiwa kwa kawaida walikuwa 50. Nia njema ya wataalamu ilikuwa imewagharimu baadhi ya wagonjwa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba vipindi vifupi vya mara kwa mara vina heri kuliko virefu katika siku zile za mwanzo. Nilipousoma mara ya kwanza nilifikiria mikono yangu mwenyewe na wale niliowahi kuwainua. Tangu hapo simruhusu mwanafunzi kuniambia kwamba jambo halihitaji kuchunguzwa kwa sababu kila mtu analijua.

Utafiti wa ukubwa ule haumo ndani ya uwezo wa mwanafunzi, ila nidhamu yake imo. Kuna hazina ya tafiti za fiziotherapia iitwayo PEDro, iliyoanzishwa Sydney mwaka 1999, na ina mizani ya vipengele 11 ya kupimia ubora wa utafiti wa majaribio. Vitatu kati ya hivyo vinahusu kufichwa: je, mgonjwa hakujua yuko kundi gani, mtibu hakujua, mpimaji hakujua? Katika kazi yetu kumficha mtibu haiwezekani. Mikono inajua inachofanya. Kumficha mgonjwa nako ni shida. Mpimaji lakini anaweza kufichwa hapa hapa bila senti moja ya ziada: mwanafunzi anayetibu asiwe ndiye anayepima. Amwombe mwenzake wa darasani aje na goniometa yake, kifaa cha kupimia mkunjo wa kiungo, asiambiwe chochote, apime nyuzi za goti na aondoke. Nimesoma miradi kadhaa iliyo mizuri kwa kila hali ambayo imeharibika kwa sababu mtu yule yule alitibu, akapima, na bila shaka akatamani kuona nafuu. Kutamani huko ni kwa binadamu yeyote, na ndiko kunakosukuma mshale wa goniometa nyuzi tano mbele.

Kuhusu migongo ya wabebaji wa soko la Kongowea nitasema machache, maana peke yake inataka makala nzima. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayoshughulikia usalama na afya kazini, katika hesabu yake iliyorekebishwa mwaka 1991, inaanza na kilo 23 kuwa uzito wa juu wa kuinua, tena katika mazingira bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, una mishikio, hauna kujipinda. Linganisha na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, linaloshushwa kutoka kwenye lori na mtu mmoja alfajiri. Wanafunzi huenda pale na dodoso la maumivu ya mgongo, hukuta, kama inavyotarajiwa, kwamba watu wanaumwa, hurudi na kupendekeza wabebaji wafundishwe kuinua vizuri. Hamali hulipwa kwa gunia. Kumfundisha namna ya kukunja magoti bila kuuliza nani alilijaza gunia na kwa nini, hakumsaidii. Natamani mwalimu wa fiziotherapia na wa uchumi wasimamie mradi mmoja wa soko lile.

Hapo nafikia ninachowalaumu wahadhiri, kwa heshima zote. Mwanafunzi hupita. Ana mwaka mmoja, atahitimu, atakwenda kutafuta kazi. Anayebaki ni mwalimu, naye ndiye anayepaswa kulishika swali. Katika chuo kimoja nilichowahi kutembelea nilionyeshwa kabati la miradi ya miaka iliyopita, imejalidiwa vizuri, majina yamepigwa kwa dhahabu. Mmoja ni wa goti, unaofuata ni wa shingo za makarani, mwingine wa viungo vya watoto, kisha tena goti, bila huyu wa pili kujua kwamba wa kwanza alikuwapo. Mkeka husukwa kwa ukili: kila ukili ni mwembamba na peke yake hautandikiki, lakini zikishonwa pamoja watu huketi. Mwanafunzi hawezi zaidi ya ukili mmoja. Kushona ni kazi ya mwalimu, na kabati lile lilijaa kili ambazo hazikushonwa.

Wala hili halihitaji kuletewa kutoka mbali. Jirani zetu wa Kilifi wameonyesha njia. Profesa Amina Abubakar na wenzake walikitengeneza kipimo cha makuzi ya watoto wadogo, wa miezi 6 hadi 35, kiitwacho Kilifi Developmental Inventory, wakachapisha tathmini yake mwaka 2008. Kinapima jinsi mtoto anavyotumia viungo na mikono yake, na kilijengwa kwa vifaa na michezo ambayo mtoto wa pwani anaijua, badala ya kumhukumu kwa midoli ambayo hajawahi kuiona. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayeletwa kliniki anastahili kupimwa kwa kitu kinachomjua. Ilichukua miaka na watu wengi, na swali lilishikwa muda wote na wale wale.

Jambo la matokeo kurudi kwa wenyewe nalo linanikera moyo. Watu hutoa muda wao, hukubali kuvuliwa viatu na kukunjwa magoti na mgeni, hutia sahihi au dole gumba, na hawasikii tena lolote. Sasa nimeweka sharti: anayekusanya data kliniki kwetu hurudi, hata kama amekwishahitimu, akakaa na washiriki akawaeleza kwa Kiswahili alichokiona. Kikao cha kwanza cha namna hiyo kilifanyika barazani nje ya chumba cha mazoezi. Mama mmoja alisimama akauliza swali ambalo mpaka leo hatujalijibu: je, sijda zile za maisha yote ndizo zilizomlinda goti, au ndizo zilizomchakaza?

Swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Utafiti uliofanywa Beijing na kuchapishwa mwaka 2004 uliwauliza wazee walikuwa wakichuchumaa kwa muda gani walipokuwa na miaka 25, ukaona kwamba waliochuchumaa saa nyingi kwa siku walikuwa na magoti yaliyochakaa zaidi. Lakini kuchuchumaa saa nzima na kushuka sijda kwa sekunde kadhaa, kisha kuinuka, ni mambo mawili tofauti kwa gegedu na kwa msuli wa paja. Ukienda msikitini leo ukawapima wanaosali chini na wanaosali vitini, utakuta wa chini wana magoti mazima. Hilo halithibitishi kitu, kwa kuwa goti likishaharibika mtu huhamia kitini. Wa chini ni wale ambao bado hawajaumwa. Ili kujua, lazima uanze na watu wa miaka 40 ambao magoti yao ni mazima, uwaulize wanafanya nini chini kwa siku, uwapime, halafu urudi kwao tena na tena hadi nywele zao zigeuke mvi. Wachukuliwe Waislamu na Wakristo wa mitaa ile ile, wakunaji nazi na wasiokuna, wanaume na wanawake.

Hiyo ni kazi ya miaka kumi kwa uchache. Inaweza kugawanywa kwa wanafunzi wa kila mwaka: mmoja akaandaa dodoso la shughuli za mkekani, mwingine akapima kama watu wawili wakitumia goniometa moja hupata jibu moja, wengine wakafuata kwa vipimo vya msuli na vya mwendo. Wagonjwa na jirani zao nitawatafuta mimi, na chumba kipo. Anayekosekana ni mhadhiri mmoja wa fiziotherapia, kutoka chuo chochote cha pwani hii, atakayekubali kulibeba swali la yule mama kama kazi yake na kubaki nalo wanafunzi wanapokuja na kuondoka. Kama ni wewe, au unamjua, nitafute kabla mwaka huu wa masomo haujaanza, tuandike pendekezo la kwanza pamoja.